Jina Lisilo Daftarini: Safari ya Bi Kidude baina ya Vikundi

Historia ya taarabu ya Unguja imezoea kuandikwa kwa majina ya vyama. Tunaanza na kasri ya Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na kijana Mohamed Ibrahim aliyepelekwa Misri kujifunza kupiga ganuni. Kisha tunakuja kwa Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905. Tunapita kwa Siti binti Saad na wenzake wa Ng'ambo, na hatimaye tunafika kwa Shime Kuokoana ya mwaka 1958, ambayo baadaye ndiyo iliyokuja kuwa Culture Musical Club. Mpango huu una sababu yake. Chama kina katibu, kina daftari la wanachama, kina picha ukutani ya watu waliovaa suti, wameketi kwa safu huku wameshika ala zao. Mwandishi wa historia akibisha hodi, hukuta mtu wa kumfungulia mlango na karatasi ya kusoma.

Upungufu wake ni kwamba unawaacha uani wale ambao muziki wao ulikuwa mkubwa na uanachama wao mdogo. Ukimtaja Maalim Idi Abdalla Farhan, umekwisha kuitaja Ikhwani Safaa. Ukimtaja Makame Faki, Culture inafuata. Je, ukimtaja Fatuma binti Baraka, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Bi Kidude, chama gani kitafuata? Aliimba na vikundi vingi, vya pande zote mbili za mkondo wa Unguja, kwa muda usiopungua miaka sabini, na hakuna kimoja kinachoweza kusema kwa haki kwamba huyu alikuwa wetu peke yetu.

Sina nia ya kumsifu katika makala haya, kwani sifa zake zimekwisha kuimbwa, nyingine kwa kupita kiasi. Nataka kumfuata kikundi baada ya kikundi, nione kila kimoja kilimpa nini naye alikipa nini, kisha niulize swali ambalo naona tumelikwepa tangu alipofariki: kwa nini ilitulazimu kusubiri mpaka awe bibi kizee ndipo tumsikie?

Mtoto wa zama za rupia

Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo hapa Unguja, mtoto wa muuza nazi. Yasemwa kuwa alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo mno, hata akaitwa kidude, kitu ambacho hakijapata bado umbo la kustahili jina. Jina la kitoto likamganda mpaka uzeeni, likaongezewa heshima ya Bi mbele yake.

Mwaka wa kuzaliwa haukuandikwa. Alipoulizwa, alijibu kama walivyojibu wazee wetu wengi: hakutaja tarehe, alitaja fedha. Alisema alizaliwa zama za rupia. Waandishi wa magazeti, hasa wa nje, walilichukua jibu hilo wakalifanya miaka mia moja na zaidi, na kila mwaka uliofuata wakaongeza. Lakini jibu la rupia, likitazamwa kwa makini, halitoshi kuthibitisha hesabu hiyo. Rupia ilitumika Zanzibar mpaka mwisho wa mwaka 1935, na shilingi ya Afrika Mashariki ikashika nafasi yake kuanzia Januari 1936. Aliyezaliwa mwaka 1910 na aliyezaliwa mwaka 1930 wote wawili ni watoto wa rupia. Tunachoweza kukitegemea zaidi ni masimulizi yake mwenyewe kwamba katika miaka ya 1930 alikuwa Dar es Salaam akiimba, mtu mzima mwenye kujitegemea. Tukiyakubali hayo, yafaa tumweke katika miaka ya 1910 au karibu na hapo. Kupita hapo ni kubahatisha.

Nimelikalia jambo hili la umri kwa sababu lilimdhulumu kuliko lilivyomfaidi. Katika miaka yake ya mwisho watu walikuja kuutazama uzee. Walikuja kushangaa kwamba mwanamke wa umri ule anasimama jukwaani, anavuta sigara, anapiga ngoma. Waliokuja kusikiliza walikuwa wachache kuliko waliokuja kushangaa. Na sauti ile, ndugu msomaji, haikuwa nzuri kwa sababu ilikuwa kongwe. Ilikuwa na ufundi wake, na ufundi huo ulipatikana mahali, kwa watu, kwa muda mrefu. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa.

Skuli ya mlangoni

Mwalimu wa kwanza alikuwa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akafika mjini akiuza vyungu, akaishia kuwa mwimbaji aliyeitoa taarabu katika Kiarabu cha kasri na kuiweka katika Kiswahili cha mtaani. Shaaban Robert amemwandikia wasifu unaojulikana na kila mwanafunzi wa fasihi. Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na sahani hizo zikauzwa pwani nzima. Waliompigia walikuwa mafundi wanaume: Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruku Effandi Talsam, na Maalim Shaaban. Hicho kilikuwa kikundi cha watu wachache, wanaokaa chumba kimoja, kila mmoja akijua pumzi ya mwenzake.

Kidude hakuwa mmoja wao. Alikuwa mtoto wa kike aliyejifunza kwa kusikiliza. Huu ni ujuzi unaoingia kwa sikio, bila ya nota, bila ya mwalimu wa kusahihisha, na bila ya daftari la kuandikia jina la mwanafunzi. Alizibeba nyimbo za Siti kichwani kwa muda wote uliosalia wa maisha yake. Muhogo wa Jang'ombe, ambao watu wa leo wanaudhani wake, umetoka katika zama za Siti. Vivyo hivyo Kijiti, wimbo wa kisa cha mauaji ya mwanamke mgeni aliyekuja kutembea Unguja, na muuaji akavuka bahari kwenda bara.

Tuzingatie Siti aliimba nini. Aliimba kesi za mahakamani, udhalimu wa wenye nguvu, visa vya mitaa ya Ng'ambo ambavyo magazeti ya wakati ule hayakuviandika au yaliviandika kwa jicho la serikali. Kwa hiyo msichana yule alikuwa akihifadhi sauti na mahadhi, na pamoja nayo kumbukumbu ya watu wasiokuwa na mahali pengine pa kuiweka. Siti alifariki mwaka 1950. Sahani zake zilivunjika, zikachakaa, zikapotea majumbani. Kidude alikuwa bado anaimba.

Miaka ya bara

Aliozwa angali msichana, ndoa ikamshinda, akaondoka. Katika jamii yetu ya wakati ule, mwanamke aliyetoka kwa mumewe alikuwa na njia chache: arudi kwao akapatanishwe, au avuke. Yeye alivuka. Kwa masimulizi yake alizunguka bara akiimba, akaziona bandari za pwani, akaingia ndani mpaka kwenye maziwa makuu, na safari nyingi alizikata kwa miguu bila ya viatu. Kutembea bila viatu kukabaki mazoea yake hata alipopandishwa majukwaa ya Ulaya.

Katika miaka ya 1930 alitua Dar es Salaam, akaimba kwa miaka kadhaa na kikundi cha taarabu kilichojinasibisha na Misri. Nasaba hiyo haikuwa ya ajabu. Zama zile Kairo ndiyo iliyokuwa kibla cha muziki wa pwani yetu. Sahani za Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab zilifika kwa meli, zikasikilizwa, zikaigwa. Vijana wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja walipanga fidla na ganuni zao kwa kuyafuata waliyoyasikia katika santuri.

Kikundi hicho kilimpa kitu ambacho skuli ya mlangoni haikuweza kumpa: kuimba mbele ya safu ya ala, kusubiri zamu, kuingia pale utangulizi unapokwisha na kunyamaza pale fidla zinapojibu. Kuna waimbaji wenye sauti nzuri ambao hawajui kunyamaza. Yeye alijua, na wapigaji wengi wa vizazi vya baadaye waliofanya kazi naye walipata raha hiyo bila ya kujua imetoka wapi.

Miaka ya msondo

Katika miaka ya 1940 alirudi Unguja, akajipatia nyumba ndogo ya udongo huko Ng'ambo. Hapo ndipo tulipozoea kuruka. Wasifu wake mwingi unaondoka katika miaka ya 1940 na kutua katika miaka ya 1980, kana kwamba katikati yake palikuwa na usingizi wa miaka arubaini. Ukimuuliza mwandishi alikuwa akifanya nini muda wote huo, atakujibu kwamba alikuwa akipaka hina, akitengeneza dawa za mitishamba na wanja, na akicheza unyago. Atalisema jibu hilo kama mtu anayetaja kazi za kuganga njaa baina ya muziki na muziki.

Mimi naona hapo ndipo muziki wake wenyewe ulipo. Unyago ni skuli ya wasichana waliovunja ungo. Asili yake ni bara, kwa Wayao, Wamakonde, Wazaramo na jirani zao, na ulifika visiwani pamoja na watu walioletwa kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba ya karafuu na minazi. Wajukuu wao waliuhifadhi, wakauchanganya na mila za hapa, ukawa wa Unguja. Ndani yake mna ngoma, nyimbo, mafumbo, na mafunzo ya mwili na ya ndoa ambayo hayasemwi mbele ya wanaume. Somo, yaani mwalimu wa wari, lazima awe mwimbaji, mpigaji, mchekeshaji na mshairi kwa wakati mmoja. Hana mtu wa kumtungia maneno. Akiona mwari ameinamisha kichwa, humtungia papo hapo.

Ala yake ilikuwa msondo, ngoma ndefu inayofungwa kiunoni na kupigwa kwa mikono huku mpigaji ameipanda kama anayepanda punda. Ngoma hiyo haisindikizi sauti kwa nyuma kama besi ya taarabu. Inagombana nayo. Mwenye kuimba juu ya msondo bila ya kipaza sauti, uani, usiku kucha, wanawake wakipiga vigelegele, lazima atoe sauti kutoka chini ya kitovu. Wanaoulizana kuhusu ukali ule wa sauti ya Bi Kidude, ule mkwaruzo uliowastaajabisha wageni, wanatafuta jibu katika sigara. Mimi ninaamini jibu limo katika ngoma.

Katika miaka hiyo hiyo vyama vya mjini vilikuwa na mikasa yao. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 baadhi ya klabu zilifungwa, nyingine zikaunganishwa, nyingine zikapewa majina na majukumu mapya, na taarabu ikaingia chini ya bawa la chama na serikali. Mambo hayo yameandikwa, kwa kuwa vyama vina madaftari. Unyago hauna kikao wala bendera, kwa hiyo haukuwa na cha kubadilishiwa jina. Uliendelea uani, na Kidude pamoja nao, akiwa nje ya macho ya wanaoandika.

Kurudi jukwaani

Miaka ya 1980 ndiyo iliyomrudisha mbele ya hadhira ya taarabu. Aliimba na kikundi cha Sahib el-Arry, kisha na Twinkling Stars ya Mohamed Ilyas, mwimbaji na mpigaji ambaye, tumkumbuke kwa hili, alisikia katika sauti ya bibi yule kitu ambacho wengine walikwisha kukizoea hata wakaacha kukisikia. Kwa Twinkling Stars alisafiri Ulaya, nchi za Mashariki ya Kati na Japani. Mwishoni mwa miaka hiyo kampuni ya Globestyle ya Uingereza ilikuja kurekodi taarabu ya Zanzibar na kuitoa katika diski kadhaa, na sauti yake ikawamo.

Katika miaka ya 1990 alikutana na muziki wa namna nyingine kabisa. Shikamoo Jazz ilikuwa bendi ya wakongwe wa muziki wa dansi wa Tanzania Bara, watu wa magita ya umeme na saksafoni, waliokusanywa tena uzeeni. Kwa mtu wa fidla na ganuni hiyo ni nyumba ngeni. Lakini msikilize ndani yake. Yeye habadiliki, bendi ndiyo inayojisogeza. Gita linaacha nafasi, saksafoni inasubiri amalize sentensi yake, na mahadhi ya zama za Siti yanapita juu ya mapigo ya dansi bila ya kupoteza kilemba chake. Mambo kama hayo yalitokea tena miaka mingi baadaye, alipoimba na vijana wa Unguja wa kundi la Offside Trick katika wimbo wa Ahmada, na watoto ambao hawakuwahi kusikia taarabu ya kukaa wakamjua kama mwimbaji wa redio yao.

Yafaa kulinganisha. Katika muongo huo huo wa 1990 taarabu ilikuwa ikipita katika mageuzi makubwa. East African Melody ilileta kinanda na mipasho, na kule Dar es Salaam vikundi vya TOT na Muungano vilishindana hadharani kwa nyimbo za vijembe. Waimbaji walihama kwa mikataba na kwa fedha. Khadija Kopa, aliyetoka Culture hapa Unguja, akawa malkia wa TOT. Hapo kuhama kikundi kulikuwa kubadili timu, na mashabiki walihama naye au wakamzomea. Kwa Bi Kidude kuhama hakukuwa na kelele kwa sababu hakuwa akihama. Alikuwa akialikwa. Kikundi kilimkopa kwa wimbo mmoja au safari moja, kisha yeye akarudi kwenye msondo wake.

Hatimaye likaja lile ambalo wenye kuuza muziki huliita kazi ya msanii peke yake. Mwaka 1998 kampuni ya RetroAfric ilitoa diski yenye jina lake na jina la visiwa hivi, Zanzibar. Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa nayo ikampa yeye diski ya nne ya mfululizo wake wa Zanzibara. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanza mwaka 2004, akawa mtu wa jukwaa lake, na Culture Musical Club ikawa miongoni mwa waliompigia, nyumbani na safarini. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, na mwaka 2006 ikatoka filamu ya Andy Jones juu ya maisha yake.

Katika majalada ya diski hizo jina moja ni kubwa na mengine ni madogo. Ndivyo soko linavyotaka. Lakini hakuna hata moja ambayo ni kazi ya mtu peke yake. Nyuma yake wapo watu wa fidla, wa kodiani, wa udi, wa dumbaki, waitikiaji, na nyuma yao Siti na mafundi wake, na nyuma ya wote wanawake wa unyago ambao hatuna hata jina lao moja la kuandika kwenye jalada. Yeye mwenyewe hakujiona vingine. Nilimwona Ngome Kongwe zaidi ya mara moja. Kila mara alipomaliza aligeuka nyuma kuwatazama wapigaji kabla ya kutazama watu.

Maneno yasiyotulia

Hapa naomba ruhusa ya kusema kama mtunzi na mfasiri, maana jambo hili linagusa kazi yetu sisi wa kurasa hizi. Wimbo wa taarabu ya vyama ni shairi lililokamilika. Mtunzi huandika beti, mara nyingi za mistari mitatu, akapanga vina na mizani, akampa mtia mahadhi, naye mwimbaji akalipokea kama amana. Kubadili neno ni kumkosea mtunzi. Mimi nimelelewa katika adabu hiyo na ninaitetea.

Nilipojaribu, kwa faida yangu mwenyewe, kuzifasiri nyimbo za Bi Kidude, adabu hiyo ilinikwamisha. Niliandika maneno kutoka rekodi moja, nikayasafisha, nikayapanga. Kisha nikasikiliza rekodi nyingine ya wimbo ule ule, na maneno hayakulingana. Ubeti ulioanza huku ulikuwa katikati kule. Mstari niliodhani ni wa Kijiti niliukuta umehamia katika wimbo mwingine na umekaa vizuri zaidi. Mwanzoni nilisema bibi amesahau. Niliposikiliza tena nikaona kwamba usahaulifu haufanyi kazi kwa namna ile. Mwenye kusahau huacha pengo, na hapa hapakuwa na pengo. Vina vilifungana, mizani ilishikana na pigo.

Alichokuwa akifanya ni kile kile afanyacho somo mbele ya mwari. Beti kwake zilikuwa kama shanga ndani ya kikapu. Alizichagua kwa kutazama aliye mbele yake, akazitunga uzi mpya kila usiku. Kwa mizani ya chama huo ni ukiukaji. Kwa mizani ya unyago huo ndio ustadi wenyewe. Na ndiyo maana vikundi vilivyomkopa vilipaswa kumfuata. Havikuwa na maandishi ya kumshikia.

Nikaiacha tafsiri ile. Sikushindwa na Kiswahili chake. Nilishindwa kujua nifasiri usiku upi.

Deni letu

Bi Kidude alifariki dunia tarehe 17 Aprili 2013, akazikwa siku ya pili yake katika kijiji cha Kitumba. Umati ulikuwa mkubwa, na Rais wa Jamhuri ya Muungano, Jakaya Kikwete, alikuwa miongoni mwa waliohudhuria. Mwenyezi Mungu amrehemu. Ilikuwa heshima aliyoistahiki, na hakuna Mzanzibari aliyeona kwamba imezidi.

Lakini tupige hesabu. Tuseme alizaliwa mwaka 1910, kama wengi wanavyosema. Mwaka 1980 angekuwa na miaka sabini, umri ambao wengi wa wenzake hawakuufikia. Kama angefariki mwaka huo, angekuwa tayari amekwisha kujifunza kwa Siti, amekwisha kuzunguka bara, amekwisha kuimba Dar es Salaam, amekwisha kuwafunda wari kwa miaka arubaini. Ustadi wote tuliokuja kuusifu baadaye ungekuwa tayari umo ndani yake, pengine sauti ikiwa na nguvu zaidi. Na tungekuwa na nini? Hakuna diski katika hizi ninazozijua ambayo ingekuwapo. Hapangekuwa na tuzo, filamu wala makala haya. Wangelimkumbuka jirani zake, na wanawake waliokuwa wari wake, nao wangelikwenda naye mmoja baada ya mwingine.

Kilichomwokoa ni kuishi muda mrefu mpaka mgeni alipofika na kinasa sauti. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli tulipona. Tulimsikia bibi yetu vizuri zaidi baada ya kumsikia akishangiliwa ugenini. Sisemi haya kwa kuwalaumu waliorekodi, maana bila ya wao tusingekuwa na kitu. Nasema kwa sababu hesabu ile ile inaturudisha kwa wale ambao hawakuishi muda mrefu. Katika Ng'ambo ya miaka ya 1940, 1950 na 1960 Kidude hakuwa mwanamke pekee mwenye msondo na sauti. Sanaa ya kundi haiwi na mtu mmoja. Walikuwapo waliompokea aliporudi kutoka bara, waliomwitikia, waliomfundisha mapigo. Vyama havikuwaandika kwa kuwa hawakuwa wanachama. Serikali haikuwaandika kwa kuwa hawakuwa na chama. Na sisi waandishi tulifuata vyama na serikali.

Unyago unafifia. Skuli, miji na mahubiri kila kimoja kimechukua sehemu yake, na sina hakika kama yote yaliyokuwamo ndani yake yanastahiki kurudishwa. Hilo ni la wanawake wenyewe kuamua. Lakini mahadhi yake, mapigo yake na namna yake ya kuunga beti ni sehemu ya fasihi ya visiwa hivi, sawa na utenzi uliohifadhiwa kwa hati za Kiarabu ndani ya sanduku. Wapo bado, mjini na mashamba, wazee waliokuwa wari katika miaka ya 1960 na 1970. Wanakumbuka nani alipiga, nani aliitikia, nyimbo gani ziliimbwa alfajiri wari walipotolewa nje. Wengine wao ni shangazi zetu na mama zetu wadogo, wanaotupikia chai tunapokwenda kuwasalimu siku ya Idi, nasi tunakaa nao saa nzima tukizungumza bei ya mchele.

Nami nimo katika lawama hii. Nilikuwa na shangazi aliyefundwa, akijua nyimbo hizo, na nilikuwa mtu wa kalamu tangu ujanani. Nilimuuliza juu ya mambo mengi. Juu ya hilo sikumuuliza kamwe, nikidhani si jambo la mwanamume kuuliza, wala sikumtuma dada yangu aniulizie. Ameondoka nazo. Ninao mpwa wa kike anayesoma chuo kikuu, mwenye simu inayonasa sauti safi kuliko mashine zote zilizoletwa Unguja katika miaka ya 1980. Mwezi uliopita nilimpa orodha ya wanawake saba wa mtaa wetu, na daftari tupu.